Midomo ya Coralie Wynne

...na viatu vile pia, viatu vile si vya mshairi, mshairi gani huyo anayekuja kunywa chai kwa kikongwe wa Coogee amevaa viatu vipya vya ngozi vinavyolia kwenye mbao, viatu vile ni vya mtu wa gazeti, au vya mtu aliyetumwa, Ettie aliwaza, huku akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza, maana msichana alikuwa anasoma, karatasi zimekaa magotini, sauti imepambwa kama ya kusomea waraka kanisani, na chai ilikuwa bado haijakolea, buli liko katikati ya meza limevikwa kofia ya sufu ya kijani aliyoifuma Win, marehemu dada yake, na mpaka chai ikolee hakuna wa kuinuka, wote watatu wamefungwa hapo barazani, na hapo ndipo wanapokupatia, wanajua huwezi kumtoa mtu nyumbani kwako kabla hujammiminia chai, Win angefufuka kuja kumgombeza, basi atasubiri, atamimina, watakunywa, halafu atasema hapana, hapana kwa mashairi yote, na wataondoka zao na viatu vyao... Noelene Tuckwell, ndivyo alivyojitaja mlangoni, aliandika mara tatu akiomba kutunga maisha ya Coralie Wynne, nyota wa filamu bubu, kwa ushairi, na Ettie, ambaye alizaliwa Ettie Pascoe na akabatizwa Coralie Wynne na watu wa filamu kwa sababu hakuna ambaye angelipa kiingilio kumwona Ettie Pascoe, alijiuliza tangu barua ya kwanza, kwa nini ushairi, mtu mwenye kweli huisema tu, ukidanganya kwa maneno ya kawaida unashikwa, ukidanganya kwa shairi unapigiwa makofi, na ile ahadi yake, "Bi Wynne, ubeti wowote ukiukataa nautoa, neno la mwisho ni lako," ahadi tamu mno hiyo, kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nani siku hizi anampa kizee neno la mwisho, Kelvin hampi, Kelvin mtoto wa Win, anayemwita mama mdogo kwa sauti ya upole na huku anataka nyumba iuzwe na mama mdogo apelekwe makao ya wazee kule Randwick, na huenda ni Kelvin aliyemleta huyu, kaa naye, mchokonoe, utazame kama akili bado zimo...

Na kana kwamba haitoshi amekuja na mama yake. Huyu ni mama, Mavis, alisema mlangoni, hasikii tangu utotoni, anafuata midomo ukimwelekea, lakini usihangaike naye, amekuja kupunga hewa tu, na hewa yenyewe wala haipungi, bahari ile pale haitazami, kasuku wanagombana juu ya mti wa maua mekundu hata shingo hageuzi, ameketi na nywele zake nyeupe zilizobanwa vizuri, mkoba mapajani, keki yake ya nazi haijaguswa, na tangu alipokaa anatazama mdomo wa Ettie, mdomo tu, hata Ettie akapitisha kitambaa mara mbili akidhani ana makombo... "Alizaliwa penye vumbi jeusi la Lithgow," msichana anasoma, "akanawa uso kwa mwanga," mwanga gani, mwanga wa nani, tulinawa kwa sabuni ya kufulia, mama alitusugua mimi na Win nyuma ya jiko mpaka masikio yakawaka, mchimba makaa ana binti wawili na beseni moja, andika hilo basi, lakini hapana, mwanga, na jirani naye amefungulia redio, farasi wa Jumamosi wanakimbia, mtangazaji anapiga kelele kama nyumba inaungua, na msichana anapandisha sauti kushindana na farasi, sasa yuko kwenye jukwaa la filamu lisilo na paa, shuka nyeupe zimetandazwa juu kupunguza jua, wala hilo hajakosea, nani kamwambia habari za shuka, na rangi nyeupe usoni na midomo iliyopakwa mpaka ikawa myeusi, na mpiga fidla aliyekodiwa kukaa kando ya kamera awalize waigizaji, na Bwana Gathercole mwelekezaji na tarumbeta lake la bati la kupazia sauti, geuka Coralie, polepole Coralie, tazama mlima Coralie, mchana kutwa anapiga kelele, kwa kuwa filamu haikuwa na masikio kila mtu alisema lolote, mwanamume anakubusu huku anakueleza nyama aliyokula jana, wewe unamlilia huku unamwambia ananukia vitunguu, na watu wa Wagga Wagga wanalia kwenye viti vyao, ah, zile zilikuwa siku...

"Mwaka mmoja milima ilimmeza, mapafu yakaomba kupumzika," na hapo moyo wa Ettie ukapiga teke, kwa nini ameinua macho kwenye mapafu, hakuinua macho kwenye Lithgow, kwa nini kwenye mapafu, majarida yote yaliandika mapafu, Coralie Wynne apumzika Katoomba, hewa ya milima, maziwa na mayai, na hakuna aliyejua ila Win na mkunga, na wote wawili wako chini ya udongo, na mtoto, ambaye alikuwa na siku chache tu na hawezi kuwa shahidi... au ndiye huyu? Akamtazama msichana, pua, masikio, vidole, akapiga hesabu haraka, hapana, huyu hajafika thelathini, yule sasa anakaribia arobaini, na mama mtu ana nywele nyeupe, naye siye, basi si yeyote kati yao, Ettie akashusha pumzi, na kile kilichoshuka pamoja na pumzi hakikuwa nafuu peke yake, alishangaa kukuta kwamba kwa nukta moja alikuwa ametamani, mjinga we, mzee mzima... na mama anaendelea kutazama. Ungedhani amelipa kiingilio.

Mikono ya Bi Mavis ikaruka ghafla, vidole vikapiga kiganja, vikapiga kifua, na msichana akaacha kusoma, akacheka, akasema mama anauliza kama anaruhusiwa kueleza kisa cha ruba, na Ettie akasema aeleze, maana ungesema nini, na mikono ikaeleza na msichana akaifasiri, kwamba wakati ule Bi Mavis alikuwa msichana wa kiwandani, mshona kola, na Jumamosi zote alikuwa sinema ya Newtown, mahali pekee mjini ambapo yeye na wenye masikio walikuwa sawa, na ilipokuja filamu ya Mto Murrigal, pale mpenzi Harold anapokata roho majini na ukumbi mzima unapenga makamasi, yeye alicheka mpaka mkagua tiketi akamshika mkono akamtoa nje, kwa sababu Harold, badala ya kuaga dunia, alikuwa anasema, harakisha Ettie, ruba wameingia ndani ya suruali.

Na Ettie akacheka, alicheka kweli, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, Basil maskini, yule aliyeigiza Harold, na ruba wake, miaka yote hii hajamsikia mtu akilitaja hilo, akacheka, na kicheko kikakatika katikati kama uzi... kwa sababu baada ya ruba kulikuwa na nini, baada ya ruba Basil aliburutwa akaenda kando ya maji, na kamera ikasogezwa, ikasogezwa mpaka akabaki Ettie, uso wake peke yake umejaa kitambaa cheupe chote cha ukumbi wa Newtown, na midomo imepakwa nyeusi. "Halafu nilirudi," msichana alikuwa anafasiri, "Jumamosi ya pili nilirudi, na ya tatu, na ya nne, kuona ule mwisho nilioukosa kwa kutolewa nje," na mikono ikasita, ikasema jambo jingine, "mama anasema sauti zilipoingia kwenye filamu, mlifukuzwa pamoja, wewe na yeye," na ni kweli, Mungu anajua ni kweli, yule kijana wa mitambo ya sauti alivua vyombo masikioni akawatazama wenzake, na kesho yake Coralie Wynne alikuwa Ettie Pascoe tena, lakini usilainike, Ettie, hivi ndivyo wanavyoingia, wanaanza na kukuhurumia, halafu wanauliza, na msichana amekwisharudi kwenye karatasi zake, ameinama, anatafuta alipoishia, "mto ukamchukua mpenzi, fidla ikalia," ndiyo, ililia, na Gathercole na bati lake, lia Coralie, mwite, mwite Harold wako, mto umemchukua, na yeye amepiga magoti kwenye matope na machozi hayaji, maziwa yalikuwa hayajakauka vizuri, Win alimfunga kifua kwa shuka chini ya gauni la filamu, Win aliyesema, Kelvin hajazaliwa bado, nipe mimi, Ettie, nitamlea kama wangu, sina mtoto, nani atajua, na Ettie aliyesema hapana, kwa sababu asingeweza kuja kula chakula cha Jumapili na kumkuta pale, na kwa sababu uso wa mama unaonekana, kamera inauona, na filamu ilikuwa inaanza mwezi ujao, hakuna aliyemshika mkono, hakuna baba mkali, hakuna mchungaji, alimkabidhi kwa mkono wake kwa wageni wenye gari wasiojua yeye ni nani, akapanda treni, na pale kwenye matope midomo ikaanza yenyewe... sikulazimishwa na mtu, nilikutoa mimi, niliitaka filamu hii, usije ukanitafuta... na jina. Gathercole alimkumbatia, akasema halijapigwa picha jambo kama hili katika nchi hii, na kadi ya maneno ya kuonyeshwa kwenye filamu ikaandikwa Harold wangu, mto umetuchukua sote wawili, na taifa zima likalia kwa ajili ya Harold, na yeye alilala bila usingizi mwaka mzima kila filamu ile ilipokwenda mji mpya, mpaka sauti zilipokuja na filamu bubu zikatupwa, nakala za Murrigal zikaoza ghalani, nyingine zikayeyushwa, na siku aliposikia kwamba haikubaki hata moja alimnunulia Win kofia, Win hakujua ya nini... na kumbe imebaki. Iko pale, imekaa kwenye kiti cha ukindu na mkoba mapajani.

"...na midomo yake ikasema," msichana anasoma, "neno ambalo kadi haikulisema," basi ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, mtego ulikuwa hapo, wanajua, wamejua siku zote, mwongo yule mwenye ahadi tamu, neno la mwisho ni lako, na mama mtu amekaa pale kama shahidi aliyeletwa kumtambua mwizi, sasa hivi atainuka, chai au si chai, Win anisamehe, na mkono ukaanza kutafuta fimbo, na macho yakamwangukia Bi Mavis, na msichana ameinama kwenye ukurasa wake, haoni, na Ettie, ambaye midomo yake ndiyo iliyokuwa kazi yake, akaifungua bila kutoa sauti hata chembe na akauliza, "Umemwambia?"

Bi Mavis akatikisa kichwa, hapana.

Mwongo, msichana amelitoa wapi basi, amelitoa wapi, na Bi Mavis, bila sauti, polepole, akitamka kila neno kama mtu anayepanga vikombe, akasema alimwambia binti yake tu kwamba Ettie alisema kitu, hakumwambia kitu gani, binti akaomba miaka na miaka, hakumwambia. Kwa nini, midomo ya Ettie ikauliza, na ilikuwa inatetemeka, haikuwahi kutetemeka mbele ya Gathercole. "Hukuwa unaniambia mimi," akasema Bi Mavis. "Niliona tu." Farasi wamefika, jirani anashangilia au analaani, ukurasa umegeuzwa, sasa ni miaka ya baadaye, duka la vitambaa, Coralie anapima yadi, ubeti mrefu, na Ettie hasikii neno, anatafuta hila katika uso ule na haioni, anatafuta tena, kila mtu ana hila, hata Win alikuwa na yake, alitaka mtoto, na huyu je, anataka nini, lazima anataka kitu, umekaa na siri ya mtu maisha yako yote halafu unakuja na mkoba na kola safi, unataka nini... na kumbe alitaka kweli, kwa sababu aliinama mbele kidogo, akainua mkono wake mwenyewe, akaupitisha mbele ya mdomo, namna ile ile, mkono wa Coralie wenye matope unafuta uso, na akasema, "Jina sikuliona. Mkono ulipita. Nilirudi Jumamosi tatu, na kila Jumamosi mkono ulipita."

Hilo ndilo. Hilo ndilo tu. Na Ettie aliwaza usiseme, likishatoka halirudi, watakuwa wawili wenye kulijua, na mmoja ana binti mwenye kalamu, hujalitamka hata kwa Win, hujalitamka hata gizani, wageni wale walimpa lao, la kwako halimo mahali popote duniani ila hapa, na ukifa, na utakufa, Kelvin atauza nyumba na jina litakwenda pamoja na makabati... na mikono yote miwili aliiweka mapajani, ikae mbali na uso, akageuza kiti kidogo mwanga wa baharini umpige vizuri kama alivyofundishwa, na mdomo ukajiviringa, ulimi ukagusa juu, meno yakagusa mdomo wa chini, hewa tu, wala si hewa. Olive.

Bi Mavis akalipokea. Midomo yake ikalipitia mara moja, sawasawa, kisha akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa, akachukua keki yake ya nazi akaimega, na Ettie alihisi kifua kinamuuma mahali pale pale Win alipokaza shuka, kinamuuma sana, na hakutaka kiache.

"Nimefika mwisho," msichana alisema, akiinua macho, na viatu vikalia kwenye mbao. "Kuna mstari wa kutoa, Bi Wynne? Sema tu." Akaangalia buli. "Au nimimine kwanza?"

"Bado haijakolea," Ettie alisema, kwa sauti yake ile mbaya ambayo filamu hazikuitaka, na mkono wake akauweka juu ya kofia ya Win, iliyokuwa ya moto. "Soma tena pale pa midomo."