Waliotemwa na Gil Stroud

Jumatatu ya wiki ya fainali, Bernadine Nowicki alikuwa akikaanga soseji na kabichi jikoni kwake, mjini Toledo, na Yunior Balcacer amekaa mezani, kiwiko kimezama kwenye beseni la barafu. Yunior alikuwa mrushaji mpira bora wa timu ya besiboli ya Bernadine mpaka kiwiko kilipochanika mwezi Agosti. Jioni ya siku aliyoumia alibisha hodi mlango wa nyuma na begi lake. Wakati huohuo kwenye televisheni alionekana pia, amekaa benchi na wenzake wa klabu, anatafuna mbegu za alizeti. Hilo halikumshughulisha Bernadine. Mchezaji akiumia huja kwa mwenye timu. Kila mwanaligi analijua hilo, na mwenye busara huweka beseni la ziada.

Ligi yenyewe ilikuwa ya kubuni, ya watu wa kiwanda cha vioo vya magari. Kila mmoja hujichagulia wachezaji halisi wa besiboli, na wanachofanya uwanjani kinamwingizia alama, tangu masika mpaka Septemba. Bernadine aliendelea kucheza hata baada ya kiwanda kumwachisha kazi. Kasha la vioo lilikuwa limemwangukia begani. Gil Stroud, msimamizi wa zamu, akasema bega hilo liliharibikia nyumbani, mama wa watu akipalilia bustani yake. Bernadine hakuwa na bustani.

Na sasa fainali ilikuwa kati yake na Gil huyohuyo, bingwa wa miaka yote. Siri ya ubingwa wa Gil haikuwa siri: anayeumia leo, anatemwa leo, nafasi yake anapewa mzima.

Lorna Kish, rafiki yake wa tangu kiwandani, aliingia bila hodi, akachota kabichi kwa mkono.

"Shoga, mteme huyu kijana. Samahani, mwanangu, sikusengenyi, nasema mbele yako." Akamgeukia tena Bernadine. "Kuna mrushaji mzima hajachukuliwa na yeyote ligini kwetu, na anacheza Jumapili. Ukimchukua, Gil unamfunga mchana kweupe!"

"Simtemi."

"Kwani ni ndoa? Mwakani unamrudisha."

"Na mimi waliniambia watanirudisha, Lorna."

Lorna akatafuta haradali.

"Mama, mimi sitakasirika," alisema Yunior. "Ukinitema nachukua begi langu natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Tunasimama uani kwa aliyetutema. Akikuangalia, unaruhusiwa kwenda nyumbani."

"Na asipokuangalia?"

Yunior aligeuza kiwiko ndani ya barafu. "Unaendelea kusimama."

Bernadine alimwongezea soseji. Alilitaka kombe la ligi mpaka meno yalimuuma. Alitaka kulibeba mbele ya uso wa Gil na kuliweka juu ya friji, alitazame kila anayeingia. Lakini alilitaka bila kufanya alivyofanya Gil, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Desturi ya ligi ni kwamba Jumapili ya mwisho wote hukusanyika kwa bingwa anayetetea. Basi Bernadine akaenda na bakuli lake la saladi ya viazi. Ua wa Gil ulikuwa umejaa waliotemwa. Walisimama kwenye majani na jezi zao na mabegi yao, wengine na magongo ya kutembelea, wakiutazama mlango. Gil alikata majani kwa kuwazunguka, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kichaka kidogo miguuni. Mkewe alikuwa amefunga kamba ya nguo kati ya wawili warefu, na taulo zilikuwa zinakauka vizuri.

Kando ya bomba la maji alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya bluu ya kiwandani, miwani ya kazi juu ya paji la uso, bega moja limeshuka. Majani yalimfika magotini. Bernadine alitambua kuwa ni yeye mwenyewe, wa siku ile aliyoachishwa kazi.

"Kumbe nywele zilikuwa ndefu hivyo," alisema Lorna.

"Nilizikata. Siwezi kuzisuka kwa mkono mmoja."

Wakakaa kutazama mechi. Wapigaji wa Bernadine walicheza siku ile kama waliolishwa pilipili, na mpaka jua linapungua alikuwa nyuma ya Gil kwa alama moja tu. Mrushaji yule ambaye hakuna aliyemchukua alikuwa anawamaliza watu uwanjani, na alama zake hazikumwendea yeyote. Kisha mechi ikaisha.

Gil alisimama kwenye jiko la nje, anageuza nyama, kombe liko mezani palepale lilipokuwa tangu mwaka jana.

"Bernie, ungemtema yule dogo leo ungekuwa bingwa."

"Najua."

"Sasa ukaidi wako umekuletea nini?"

"Geuka, Gil. Yule kando ya bomba ni nani?"

Gil aligeuza soseji. "Bomba linavuja, nalijua. Nitaliitia fundi."

"Sijasema bomba."

"Nitaita fundi, nimesema."

Bernadine alivuka majani mpaka bombani. Hasira ilikuwa imemjaa, akaiacha ijae. Alimfuta yule mwenzake wa ovaroli vumbi kwenye miwani.

"Twende nyumbani?"

Mwenzake alitikisa kichwa. Hakuwa ameangaliwa na Gil bado.

"Sawa. Lakini si hapa pembeni."

Akamshika mkono ulio mzima, akamwongoza katikati ya watu waliokuwa wanakula, akamsimamisha mbele kabisa ya dirisha ambapo Gil hunywea kahawa yake ya asubuhi.

"Hapa. Usimpishe."

Nyumbani Yunior alikuwa anamsubiri na taa ya jikoni imewashwa.

"Tumeshinda, mama?"

"Tumefungwa."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yangu mimi. Lete kiwiko hicho."

Jumatatu Gil alinunua mapazia mazito. Kwenye faili za kiwanda bega la Bernadine liliendelea kuwa limeharibikia bustanini. Kila Jumamosi alipita uani kwa Gil bila kuomba ruhusa, akamkung'uta mwenzake majani makavu, na theluji ilipoanza akampelekea koti.