Maji ya Ukurasa wa Mwisho

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Moreen alikuwa akijalidi tasnifu ya mwanafunzi wa kilimo katika duka la chapa la Haji Hamim, pale Wandegeya, Shamim alipoingia akiwa amelowa kuanzia magotini kwenda chini. Nje jua lilikuwa kali. Shamim, ambaye alikuwa akisomea ualimu wa Kiswahili, aliweka kitabu juu ya meza na kusema kimekosa kurasa.

"Nasoma mpaka mwisho, nyabo, lakini mwisho hakuna," alisema. "Sasa angalia viatu yangu."

Viatu vilikuwa vimejaa maji ya mto, yenye tope jeusi na harufu ya mafunjo. Moreen alimtandikia gazeti la zamani akanyagie, kisha akakichukua kitabu.

Kilikuwa kitabu cha tatu na cha mwisho cha *Wavukaji*, riwaya ya Mwalimu Obura. Vile viwili vya kwanza vilikuwa vimepita mikono mingi ya Kampala: wanafunzi, Wakenya wa madukani, Wakongo, Wanubi waliovisoma kwa sauti wakinywa chai. Vilisimulia habari za watu waliomkimbia mfalme mla vivuli, wakiongozwa na msichana mbeba chumvi hadi kwenye mto usio na daraja. Wasomaji walikuwa wamengoja miaka miwili wajue kama watavuka. Katika kitabu cha tatu, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, watu wote waliingia mtoni, maji yakawafika magotini, na hadithi ikaishia hapo.

Haji Hamim alilamba kidole, akahesabu kurasa mara mbili. Zote zilikuwapo.

Kufikia Ijumaa walikuwa wamekuja wasomaji thelathini na wanne, wote wamelowa kwa kiwango kilekile. Walijifuta kwa taulo, wakakaa juani, maji yakarudi. Heritier, kinyozi Mkongo wa jengo la pili, alikuja na samaki mdogo ndani ya soksi.

"Mama, mimi nilimaliza saa ya chakula," alimwambia Moreen. "Sasa nanyoa watu nikiwa ndani ya maji. Hii watu walivuka ao hawakuvuka?"

"Sijui, ndugu yangu. Mimi nilichapa tu."

Haji Hamim alihamishia karatasi kwenye rafu za juu, akanunua dekio jipya na kubandika tangazo mlangoni: KURASA ZOTE ZIPO. TAFADHALI FUTA MIGUU. Redioni mhadhiri mmoja alieleza kwamba mwisho ulioachwa wazi ni heshima kwa msomaji. Fundi mitambo wa redio hiyo alisema baadaye kwamba mhadhiri alieleza hayo huku akikamua suruali.

Jumamosi Moreen alikisoma kitabu mwenyewe, maana mpaka siku hiyo alikuwa amekipanga kurasa bila kukifuata. Alipofika mwisho alihisi baridi vidoleni, kisha kwenye vifundo, kisha magotini. Aliketi akiyatazama maji. Hakujua akasirike na nani.

Kulikuwa na jambo lililomtatiza. Vitabu viwili vya kwanza aliviandika kwenye kompyuta kutoka kwenye madaftari ya shule, na madaftari hayo yaliletwa na Nakhisa, msichana wa kazi wa Obura, Mluhya kama Moreen. Nakhisa alikuwa akikaa kwenye benchi hadi Moreen amalize kumsomea kwa sauti alichoandika. Mara nyingine, bila hata kulitazama daftari, alisema, "Hapo umeruka. Kwanza anaweka chumvi chini, halafu ndio analia." Na Moreen akikagua, kweli alikuwa ameruka. Kitabu cha tatu Obura alikileta mwenyewe, kwenye flashi. Moreen alipomuulizia Nakhisa, alijibiwa neno moja tu: "Aliondoka."

Jumapili baada ya kanisa alikwenda Bukoto, kwenye fleti ya Obura. Mwalimu alimkaribisha vizuri. Alikuwa amevaa soksi nyeupe, kavu.

"Mwalimu, watu wananiuliza wanavukaje."

"Msomaji mzuri huvuka mwenyewe, Moreen."

"Na wewe unajua walivyovuka?"

Obura alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Mezani bintiye Adero, wa miaka tisa, alikuwa akifanya hesabu za shule, miguu yake imo ndani ya beseni, na beseni lilikuwa likifurika polepole. Mama yake aliingia akalimwaga, akalirudisha, akatoka.

"Na wewe umesoma kitabu cha baba?" Moreen alimuuliza mtoto.

"Hapana. Mimi nilibaki hapo mtoni siku aunti Nakhisa alienda. Alisema atamalizia kesho." Mtoto aliandika jibu, akalifuta. "Ni yeye anajua. Baba alikuwa anakaa pale mlangoni na daftari."

"Adero, maliza hesabu," Obura alisema.

Jioni hiyohiyo, kwa kuulizauliza, Moreen alimpata Nakhisa Old Kampala, kwenye baraza ya duka la zamani la Wahindi, chini ya kilima cha msikiti, akisukuma chapati. Nakhisa aliitazama miguu ya Moreen na kumsogezea kigoda.

"Umefika mtoni, mdogo wangu."

"Nimefika. Dada, ilikuwaje ukatoka kwa Mwalimu?"

"Nilimwomba aniandike jina. Si hata juu, kule ndani tu, kwa herufi ndogo. Wiki hiyo nikaambiwa nimevunja kikombe." Aligeuza chapati. "Kikombe chenyewe sikuwahi kukiona."

Kisha akamsimulia, mikono ikiendelea na kazi. Mto ule haukutaka nguvu wala mtumbwi. Ulimtaka kila mtu ataje jina la yule aliyewahi kumbeba mgongoni, na aliyelitaja aliona maji yakishuka. Mbeba chumvi alivuka wa mwisho, kwa sababu alikuwa amebebwa na wengi. Nakhisa aliposema "wakakanyaga mchanga," Moreen alitazama chini akaona miguu yake mikavu, na vumbi la Old Kampala limeshaanza kuishika.

Jumatatu aliwaelekeza wasomaji huko. Walipanga foleni barazani wakiwa chepechepe, wakasikiliza, wakakauka, wakanunua chapati, wakaenda zao. Heritier aliimba akishuka kilima. Mama yake Adero alimleta mtoto kimya kimya siku ya Jumatano, na hakumwambia mumewe. Shamim aliandika habari yote mtandaoni pamoja na picha ya Nakhisa. Watu mia nne walimjibu. Kwamba kitabu kinalowesha miguu, hakuna aliyebisha. Kwamba mpika chapati ndiye mwenye hadithi, hilo walilikataa. Walisema Obura ni mjanja sana wa biashara, kumweka mwanamke barazani amalizie kitabu chake.

Wiki ya tatu Obura alirudi dukani na flashi. Ilikuwa na sura mpya, ya toleo la pili. Moreen aliisoma hadi mwisho. Mto ulikuwamo, na majina, na mbeba chumvi akivuka wa mwisho.

"Mwalimu, nani alikusimulia?"

"Hadithi ni za watu wote, Moreen. Sisi tunaandika tu."

Alipopanga kurasa, Moreen aliongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo kabisa: *Imesimuliwa na Nakhisa.* Obura aliikagua nakala kwa kalamu nyekundu, akaukata mstari huo kwa unadhifu, kama mtu anayesahihisha nukta. Moreen alimgeukia Haji Hamim. Haji alimtazama Obura, akatazama mashine, akatazama sakafu yake iliyokuwa kavu kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa.

"Chapa, mwanangu," alisema.

Moreen aliweka mkono kwenye swichi, akautoa, akaurudisha. Kisha akachapa nakala elfu mbili, bila ule mstari. Hakuna msomaji wa toleo la pili aliyelowa, na foleni ya barazani ikaisha.

Jumamosi alimpelekea Nakhisa nakala moja. Alitaka kuomba radhi. Nakhisa alikuwa na unga hadi viwikoni, akamwomba asome. Moreen alisoma sura ya mwisho yote. Wateja wawili waliacha kutafuna ili wasikie. Watu walitaja majina, maji yakashuka, wakakanyaga mchanga.

"Wote wamevuka?" Nakhisa aliuliza.

"Wote, dada."

Mmoja wa wateja, askari mlinzi wa benki, aliomba kitabu, akatazama picha ya Obura kwenye jalada la nyuma na kutikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu mzee anajua hadithi," alisema.

"Anajua," alisema Nakhisa, akamwongezea chapati moja.