Nziza Wawili

Mama yangu hajalala nje ya nyumba yake ya Nengo, karibu na mpaka wa Kongo, tangu baba amlete Nziza. Nziza ni mtungi. Ni kauri ya Kichina ya zamani sana, nyeupe, imechorwa ndege na mianzi kwa rangi ya kijani iliyochomewa juu, hata ukipitisha kidole gumba unaisikia imeinuka. Baba anakusanya vya aina hiyo tu, vya kijani, na vimejaa sebuleni mpaka viti vikahamia barazani. Kila kimoja kina jina, ila Nziza ndiye malkia. Ukiuinamisha mtungi dirishani, pembeni mwa kijani hutokea rangi za upinde wa mvua, na baba husema hapo ndipo uzee wake unapoonekana. Ni mzuri kweli. Mara nyingi nimetamani kuupiga teke.

Taabu yetu ni volkano. Iko ng'ambo ya mpaka, lakini ikijigeuza tu sisi ndio tunaotikisika. Bega la baba liliharibika jeshini, mkono haunyanyuki. Kwa hiyo ardhi ikianza, yeye hupaza sauti, "Toa Nziza!" na mama huacha sufuria ikiungua, hukimbilia kabatini, huukumbatia mtungi na kutoka nao uani. Hata harusi ya mdogo wake hakwenda, na ilikuwa hapo Rugerero tu. "Je, ikitikisika?" ndilo jibu lake kwa kila mwaliko.

Nilipojifungua, baba ndiye aliyempa mjukuu wake jina. Alifikiri, akatabasamu, akasema: Nziza. Ndugu wakapiga vigelegele, kwa kuwa kwa Kinyarwanda ni jina la kupendeza, maana yake "nzuri". Mimi nilikasirika. Mama akaninong'oneza, "Mwache, Akaliza. Hajui kupenda kwa njia nyingine."

Wiki iliyopita nilitoka Kigali na mtoto kuja kumchukua mama. Nilitaka anisaidie kulea, lakini zaidi nilitaka apumue. Safari hii alikubali. Begi likawekwa mlangoni, kitenge kipya juu yake.

"Na Nziza atamtoa nani?" baba akauliza, amenuna.

"Mfunge kwa godoro," nikamjibu.

Mama akacheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kwamba anaweza kucheka hivyo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa getini nikinunua sambaza kwa Languida, mama wa Nyamyumba anayetuletea samaki. Mtoto amelala chumbani, baba yuko barazani, mama ndani anavaa viatu. Ardhi ikatikisika kwa nguvu, mabati yakalia.

"Toa Nziza!" baba akapiga kelele. "Toa Nziza!"

Mama akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, amekumbatia mtungi.

"Mama Akaliza!" Languida akapiga yowe. "Weka chini ile kitu! Mutoto iko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshaingia. Sebuleni sahani zilikuwa zinaanguka, nikazikanyaga. Nilimnyakua mtoto kitandani, na nilipofika naye uani tetemeko lilikuwa limekwisha. Alikuwa mzima, analia kwa hasira ya kuamshwa.

"Nilimaanisha mtoto!" baba alisema. "Mjukuu wangu, jamani! Ningemwita nani mwingine?"

Naamini alisema kweli. Lakini kidole chake kilikuwa tayari kinazunguka mdomo wa mtungi, kikitafuta ufa.

Mama alimtazama mtoto mikononi mwangu, kisha akautazama mtungi mikononi mwake. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta.

"Mama, twende," nikasema. "Hakuna aliyeumia. Mpe baba mtungi wake, njoo umshike mjukuu wako."

Akarudi nyuma.

"Usinipe huyo," alisema. "Nililisikia jina vizuri, mwanangu. Nikapita mlangoni kwake, nikamsikia analia, nikaenda kabatini. Leo ameniita baba yako. Kesho utaniita wewe, nami nitabeba kitu kingine."

"Mama, kule hakuna mtungi!"

"Mikono ni hii hii."

Aligeuka, akaingia ndani na kiatu chake kimoja kumrudisha Nziza kabatini. Begi lilikuwa limeziba njia, na baba akalisogeza kwa mguu ili mama apite.