Ofisi Haijanywa

...na ibara ya tano nayo ina vifungu vinne, kwa hiyo bakuli hili nitalishika mpaka nizeeke, maana mwanamke akishampelekea mgeni chicha, pombe yetu ya muhogo uliotafunwa, haondoki mbele yake mpaka mgeni anywe, na mgeni wangu Anselm, mratibu wa vijana wanaokuja kujitolea, hanywi kwa sababu anasoma, anasoma mkataba wa ushirikiano kwa sauti ya padri mwenye mafua, “mshirika atawaleta watu kumi kila mwaka kulinda mpaka wa msitu,” vizuri, waje, mpaka wetu haujawahi kutembewa hivi tangu enzi za babu, misumeno ya wakata mbao imehama ng’ambo ya mto... “Katibu,” mjomba Tito ananiita, fimbo ya ukuraka, ya mkuu wa kijiji, magotini, “muhuri umekuja nao?” “Ninao, mjomba.” “Usije ukaukalia kama juzi.” Wanacheka, wacheke, muhuri uko kwenye mkoba begani, bila muhuri huu mkataba ni karatasi ya kufungia samaki, mjini barua yetu ilirudishwa mara tatu eti wino ni wa zambarau, mara ya nne ikapokelewa, wino uleule, karani mwingine, ndiyo maana karatasi nazisoma zote, hata hii niliisoma asubuhi huku naosha mabakuli, na nilipofika ibara ya tisa bakuli moja likanivunjikia, “ramani itahifadhiwa katika ofisi ya mshirika, ambaye aweza kuwapatia wadau wengine,” wadau gani, hawana majina, hawana hata kijiji... “Ibara ya sita,” anasema Anselm, na ramani hiyo niliichora mimi na Greet, mmoja wa vijana wake, binti wa watu, siku ishirini na tatu porini, malengelenge hadi kisiginoni, kutafuna muhogo wa chicha alijifunza bila kukunja uso, na kila alasiri alikunywa bakuli langu, na aliyekunywa bakuli lako ni wa nyumbani, wa nyumbani hafichwi kitu, basi nikamwambia, ziwa samaki wanakotaga, udongo wa chumvi wanakolamba nguruwe mwitu, mierezi aliyoiacha baba bila kuikata, mahali sitini na mbili, Greet akaandika kila jina na nukta yake, hakukosea hata moja, ndilo tatizo... “Eulodia,” shangazi Corina ananong’ona nyuma yangu, “huo mkono umekufa ganzi au umempenda mzungu?” “Umekufa ganzi, shangazi.” “Afadhali.” Chicha kweli inanimwagikia vidole, nikikataa watasusa, wasipokuja misumeno itarudi, nikigonga muhuri misumeno itakuja na ramani mkononi, na atakayekuwa amewaonyesha njia ni mimi... baba alifanyaje, mnunuzi wa mbao alipokuja na buti mpya, mama akampelekea bakuli, mgeni akasema tumbo halimruhusu, baba akazungumza naye habari za mvua tangu asubuhi hadi jua likatua, mvua ya mwaka ule, ya mwaka juzi, mierezi hakuitaja, yule bwana akaondoka akijua mvua zetu zote... “Ibara ya saba,” mjomba anasinzia, fimbo imeinama, kumbe ni hivyo tu, mbona sikuona asubuhi, Greet alikunywa, ofisi haijanywa, nilichomwambia Greet nilimwambia Greet, sijaiambia ofisi, haina mdomo wa kunywea, basi ramani itakaa hapa, kwenye sanduku la mabati la shule, na nakala zao wafute mbele yangu, na kila mwaka watu kumi waje, wanywe, ndipo waifungue na kutembea nasi, wakienda waiache, hilo ndilo nitakaloandika penye ibara ya tisa kwa wino wowote nitakaoupata, wakisusa tutautembea mpaka wenyewe, polepole, angalau hatutabeba mabegi yao... na Anselm naye hawezi kushika kalamu na bakuli pamoja, atachagua, na akichelewa sana desturi inaniruhusu kummwagia kichwani, mjomba ataamka acheke... “Ibara ya nane,” anasema Anselm, analamba kidole, anafunua ukurasa, na mimi nipo palepale mbele yake, bakuli limejaa, mkono umetulia, nasubiri ya tisa.