Ubeti wa Bashige

Tulikuwa watatu: Bashige, Havugimana, na mimi Joyeuse. Kundi letu liliitwa Mawe Meusi, kwa kuwa tulikulia juu ya mawe ya volkano, na Bashige alipenda neno "meusi" litamkwe kwa majivuno. Alitukataza kuiga Wamarekani. Tulirap kwa Kiswahili cha Goma, juu ya wasichana wanaojichubua na madini yanayoondoka huku wenyewe wakibaki na vumbi. Midundo aliitengeneza Havugimana, kutokana na ngoma za babu yake alizozirekodi Rutshuru.

Mwaka redio zilipoanza kupiga nyimbo zetu, wenye pikipiki wa mtaa wa Birere walitupakia bure. Nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote. Kisha mgombea mmoja wa uchaguzi akatuahidi vyombo vipya vya muziki tukiimba jina lake. Havugimana alikubali, Bashige akakataa. Walitukanana jukwaani, mtaa wa Katoyi, mbele ya mashabiki, na kundi likafa siku hiyo. Mimi nikawa mwalimu, Havugimana akafungua duka la spika. Yeye na Bashige hawakusalimiana tena kwa miaka kumi na moja.

Mwaka jana figo zilimuua Bashige. Juzi, baada ya misa ya kumbukumbu, tulikusanyika kwa mama yake, Mama Cibalonza, huko Murara. Havugimana alikuja pia, akakaa karibu na mlango bila kugusa chakula.

Zamani Mama Cibalonza alikuwa akituita wahuni. Aliwahi hata kuchoma daftari la mashairi la mwanawe. Juzi akatuomba tuimbe wimbo wetu mmoja.

Nilianza, Havugimana akaingia kwenye kiitikio. Tulipofika ubeti wa pili tukanyamaza. Ulikuwa wa Bashige, na hakuna kati yetu aliyeukumbuka.

Mama Cibalonza akainua kichwa, akausema polepole kama anayesali rozari:

"Mukiuliza jina yangu, muulize babu kwanza, alilima huu mulima mbele ramani ichorwe."

Akaendelea hadi mwisho bila kukosa neno. Alitueleza kwamba mwanawe alikuwa akiurudia kila asubuhi nyuma ya jiko.

"Nilikuwa ninakasirika," alisema, "lakini nilikuwa ninasikiliza."

Havugimana alifunika uso. Baadaye akasogea, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ningekuja Bashige angali muzima."

"Umekuja leo," akamjibu, akamsogezea sahani.

Nilitoa kalamu, nikamwomba Mama Cibalonza aurudie ubeti ule, niuandike. Mstari wa tatu nilikosea, akanisahihisha.