Siku Kumi za Karachi

Masouda alipoletewa habari kwamba mwanawe Yaarub yu hoi hospitalini Karachi, alivaa baibui lake akatoka Matrah mpaka Bait al-Falaj, kwenye kiwanja cha ndege ambako ndugu yake mdogo, Ghanim, alikuwa karani.

"Karachi mbali kiasi gani?"

"Maili mia tano na arubaini, dada. Ndege ikiruka saa tatu asubuhi, kabla ya saa sita ishatua."

Masouda akashusha pumzi. Walipoikimbia Unguja mwaka wa sitini na nne kuja huku kwenye nchi ya mababu zao, walikaa baharini wiki mbili na zaidi. Saa tatu zisizotimia za ndege aliziona kama kutoka ukumbini kwenda jikoni.

"Basi nkatie tikti ya kesho."

"Tikti si kitu. Ruhusa ya kutoka ndiyo kazi. Na ukimtaja Yaarub, watakuuliza yeye alitokaje."

Yaarub alitoroka kwenda kusoma bila ya ruhusa ya Serikali, na aliyetoka hivyo hakuwa na njia ya kurudi. Masouda akaandikisha kwamba anakwenda kutibiwa macho. Karatasi ikakaa wiki tano. Kila akiisikia ndege ya Karachi ikipita juu ya majabali, aliacha alichokuwa nacho mkononi mpaka mngurumo upotee. Mwisho akapewa siku kumi, kwa sharti awe na mdhamini. Ghanim akatia sahihi: dada yake asiporudi, atafungwa yeye.

Angani alikuwa bado anavuta uradi kwa tasbihi alipoambiwa afunge mkanda, wanashuka.

Yaarub homa ya matumbo ilikuwa imemla, kabaki mifupa. Mama mtu alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akalala sakafuni kando ya kitanda. Siku ya sita kijana akaweza kuketi. Siku ya nane homa ikarudi.

"Mama, usende," akamwambia.

"Mjomba wako kanidhamini, baba. Nisiporudi watamtia ndani."

"Na mimi?"

Masouda akamvutia shuka mpaka kifuani. Yaarub akageukia ukutani. Siku ya kumi Masouda alimkabidhi kijana kwa Aflah, rafiki aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, akambusu mwanawe kwenye paji la uso, lililokuwa la moto, akatoka bila ya kugeuka nyuma.

Ghanim alimpokea chini ya ngazi ya ndege. Alipomwona, machozi yalimtoka mbele ya watu.

"N'shamuaga mke wangu, dada. Nilidhani hutorudi. Wala nisingekulaumu."

"Anakula," Masouda akasema, ijapokuwa hakuulizwa. "Anakula kidogo."

Siku ya pili yake alikwenda kuomba ruhusa tena. Akaambiwa macho hayatibiwi mara mbili kwa mwaka.

Barua ya Aflah ilifika baada ya mwezi. Ghanim aliisoma kwa sauti, akafika katikati akashindwa.

"Soma," Masouda akamwambia.

Akaimaliza: Yaarub alifariki siku ya nne tangu mama yake aondoke, akazikwa baada ya sala ya Alasiri.

Ndugu hao hawakuacha kutembeleana. Kila Ijumaa Ghanim alikuja, na Masouda akimmiminia kahawa kama desturi. Lakini alikuwa hawezi tena kumtazama usoni, na Ghanim, aliyejua sababu, hakuwahi kumuuliza.