Mtu wa Kumi na Moja

Kipindupindu kilipoingia mjini, halmashauri ilifunga soko, ikafunga na uwanja. Ndoa iliziruhusu kwa kibali tu, watu kumi ndani ya nyumba, asizidi hata mmoja. Shangazi, fundi cherehani, alishinda wiki nzima akiwahesabu kwa vidole. Maharusi wawili. Mfungishaji ndoa. Mashahidi wawili. Wazazi wa kijana. Kaka yake, ambaye ndiye baba wa binti. Bibi. Na yeye mwenyewe. Vidole vikaisha.

Binti alifiwa na mama yake hata meno hajaota. Shangazi ndiye aliyemlea, chini ya meza ya cherehani, akimtupia vipande vya vitambaa avichezee. Gauni la leo alilishona kwa mkono wake.

Alikuwa amepiga magoti akimalizia pindo, pale Bwana Afya wa halmashauri alipobisha hodi. Akanawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, akaingia, akahesabu vichwa.

"Mpo kumi. Na mimi wa kumi na moja."

"Wewe si uko kazini?" Bibi akasema. "Unahesabiwaje?"

"Nina pumzi na nina tumbo kama ninyi, Bibi. Kibali kinasema watu kumi ndani, msimamizi akiwemo. Akizidi mmoja, naisimamisha ndoa."

Kibali walikisoma wote, na wote waliishia kwenye hiyo kumi. Hakuna aliyeendelea mbele.

Shangazi hakungoja kuambiwa. Alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye ukosi wake. "Basi mimi naenda zangu. Gauni limekwisha."

"Huendi," binti akasema.

"Usilie, mwanangu, utaharibu wanja. Nitasimuliwa."

"Ukitoka, na mimi natoka."

"Haya, tokeni wote," Bibi akasema, "niolewe mimi."

Bwana harusi akacheka, kisha akaona baba mkwe hacheki, akanyamaza.

Shangazi akamgeukia Bwana Afya, sauti chini. "Siwezi kusimama hapo nje, dirishani? Sitaongea na mtu."

"Hairuhusiwi, mama. Asiye kwenye hesabu arudi kwake. Anayeruhusiwa kuwa nje ni msimamizi tu, akiwa kwenye..." Akaishia hapo. Akaifungua tena karatasi, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, huku Shangazi akiwa tayari ameshavaa kandambili moja.

"Vua hiyo kandambili," Bwana Afya akasema.

Akatoka. Wakamsikia akizunguka nyumba, akajikwaa kwenye beseni, kisha uso wake ukatokea dirishani, jua lote likiwa kisogoni. "Niko kwenye doria," akasema. "Endeleeni. Na msisogeleane."

Wakaanza. Shangazi alisimama nyuma ya binti, hatua moja na nusu, kama ilivyoamriwa. Binti alipoulizwa kama amekubali, mkono wake wa kushoto ulirudi nyuma ukipapasa hewa, kama zamani chini ya meza alipokuwa akitafuta pindo la sketi ya kushika. Shangazi akasogeza sketi yake ikafika.

"Nimekubali," binti akasema.

Bibi akageukia dirishani.

"Bwana Afya, kichwa chako kimeingia ndani. Kitoe, humu tumeshatimia."

Akakitoa. Kofia ilibaki kwenye kizingiti cha dirisha, naye hakurudi kuichukua mpaka alipomaliza kujifuta macho.